Kiapo cha Kuridhika

Jumatano, tarehe 31 Juni. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya rasharasha isiyo na haraka, ingawa Redio ya Taifa ilikuwa imetangaza jua. Wananchi wema walitembea na miavuli yao, na kila walipokutana na polisi walieleza kwamba wanajikinga na jua. Tarehe nayo isimshangaze msomaji. Katika nchi hii, ambayo jina lake halitajwi bila kibali, mwezi wa Juni uliongezewa siku moja kwa amri, ili usiuonee wivu mwezi wa Julai.

Bi Mwanaheri binti Shaali alikuwa bado juu ya msala, tasbihi mkononi, aliposikia gari likizima nje ya nyumba yake. Magari hayakuwa na desturi ya kuja Mtaa wa Bondeni.

"Hodi!"

"Karibu, kama ni kheri."

"Ni kheri tupu, mama. Ni kheri ya kitaifa!"

"Basi ningoje nijitande," alisema Bi Mwanaheri, ambaye kheri za kitaifa alikwisha kuziona.

Aliyeingia alikuwa kijana mwembamba mwenye tai nyekundu, Bwana Fumbwe, Katibu wa Kamati ya Kitaifa ya Kuboresha Hadithi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa jua hadi kwenye soksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

"Sijalowa, mama. Nimetoka jasho."

Bi Mwanaheri akampa taulo ajifute jasho lake, akamketisha. Kijana akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusoma hotuba.

"Mama, kitabu chako kimeteuliwa."

"Kimeteuliwa kuwa nini? Mkuu wa wilaya?"

"Kuwa anime, mama. Watu wako wa Bondeni watatembea. Watasema. Nchi nzima itawaona."

Tasbihi ilisimama kati ya vidole vya Bi Mwanaheri. Katika yote aliyosikia, neno moja tu ndilo lililomwingia, nalo ni hilo la kutembea.

*

Kwa faida ya wasiojua: manga ni hadithi za picha zilizotoka nchi za mbali za mashariki, nazo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Picha hizo zikitiwa uhai, zikatembea na kusema, huitwa anime. Bi Mwanaheri aliziona mara ya kwanza katika duka la vitabu vya mtumba, zamani alipokuwa mchoraji wa nakshi za kanga kiwandani. Herufi zake hakuzijua hata moja. Lakini alipoona kitabu kinafunguliwa upande ule ule wa juzuu yake ya Kurani ya utotoni, alicheka peke yake dukani. Kumbe na hawa wamepitia chuoni, alisema.

Akajifunza kuchora kwa namna ile, visanduku na viputo vya maneno, kwa ajili ya furaha yake tu. Hakujua kwamba Mungu alikuwa akimwandaa kwa msiba.

Juu ya Bondeni palikuwa na Bwawa la Fahari, lililojengwa haraka ili liwahi sherehe. Asubuhi moja, watu wakiwa wanakunywa uji, Fahari ikapasuka. Maji yalipita Bondeni kama mkono unaopangusa meza. Serikali, baada ya kutafakari, ililiita jambo hilo Unyevu wa Ghafla, na ikawashauri wakazi waanike vitu vyao.

Waliochukuliwa hawakuonekana tena. Bahari iliwameza na haikutema hata kanzu. Picha zilizokuwa zimetundikwa kutani zilikwenda pamoja na kuta zenyewe, ikawa watu wa Bondeni wana wafu wasio na kaburi wala sura.

Ndipo, arobaini ilipokwisha, majirani wakaanza kuja kwa Bi Mwanaheri mmoja mmoja.

"Nichoree mume wangu," alisema jirani yake, Bi Subira. "Marehemu Pandu unamjua. Yule kinyozi."

"Namjua, lakini sikuwa nikimwangalia usoni, shoga. Nilikuwa na heshima zangu. Nieleze."

"Masikio kama vipini vya sufuria. Pua imekaa kama inataka kupiga chafya. Na jicho hili dogo, kwa sababu ya kulifinya akitazama nywele za watu."

Akachora, Bi Subira akitazama na kusahihisha: bado, bado, punguza, hapo! Akamwekea juu ya kichwa kiputo chenye maneno yake ya mwisho, aliyoyasema akitoka mlangoni: "Subira, funika uji, narudi."

Hivyo ndivyo alivyowachora wote, kila mmoja na sura yake, na kila mmoja na neno lake la mwisho. Kikawa kitabu, *Watu wa Bondeni*. Kinaanza kulia, alfajiri, watu wakikoroga uji. Kinaishia kushoto, juu ya maji matupu.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwaka siku ile, watu wa Bondeni hukaa nje ya nyumba zao, kila familia hufungua ukurasa wa mtu wake, na mkubwa wa nyumba husoma kwa sauti maneno ya kile kiputo. Mtaa mzima husikika sauti za waliokwenda, zikitoka katika vinywa vya waliobaki. Kisha hupigwa Fatiha, wakagawana uji. Mtu wa mbali akiuliza ni nini hicho, huambiwa: wenzetu wana makaburi, sisi tuna kurasa.

Kitabu kilipendwa nchi nzima, hata na wasiowahi kufika Bondeni. Watu walikipenda kwa sababu kila mtu katika nchi hii ana Unyevu wake wa Ghafla.

Kisanduku cha mwisho kabisa, kushoto, kilikuwa cha Bi Mwanaheri mwenyewe. Binti yake Rehani amekumbatia mwimo wa mlango, maji yamemfika kifuani, anamtazama mama yake na kusema: "Mama, nimeshika!" Bi Mwanaheri alikuwa amegeuka kumvuta bibi yake mtoto kutoka kitandani. Alipogeuka tena, mwimo ulikuwapo.

Sura ya Rehani haikuwa mahali pengine popote duniani ila pale.

Sasa huyu kijana aliyelowa jasho anasema Rehani atatembea. Msomaji ambaye angekataa na amtupie jiwe. Isitoshe, hakuna aliyemwuliza Bi Mwanaheri kama anakubali. Alipewa hongera tu.

*

Kamati ya Kuboresha Hadithi ilikaa katika ukumbi wenye baridi sana, ili wajumbe waonekane wana joto la kazi. Aliyeongoza kikao ni Waziri wa Picha Zinazotembea, Mheshimiwa Tambaze, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Bi Mwanaheri aliketishwa pembeni, chini ya kiyoyozi, akajikunyata ndani ya buibui lake.

"Nimekisoma chote," alisema Waziri, akakiinua kitabu. "Nimelia! Kinaanza na maji matupu, mtu unavunjika moyo. Halafu polepole watu wanatoka majini. Bwawa linajiziba lenyewe. Kinaishia kwa uji! Ndugu wajumbe, kuna nchi gani nyingine yenye hadithi inayoanza kwa maji ikaishia kwa uji?"

Wajumbe wakapiga makofi. Bi Mwanaheri akainua mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Umeanzia mwisho."

Makofi yalikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Mjumbe mmoja aliinamia glasi yake ya maji kama anayetafuta kitu ndani yake. Bwana Fumbwe akatazama tai yake.

Aliyeokoa jahazi ni Mwanasheria wa Kamati. "Mama," alisema kwa upole, "kwa mujibu wa itifaki, Mheshimiwa Waziri hawezi kuanzia mwisho. Waziri huanzia mwanzo. Kwa hiyo alipoanzia, hapo ndipo mwanzo."

"Lakini hao watu walikufa, baba."

"Walikufa katika toleo la zamani."

Baada ya hapo maboresho yalikwenda kwa kasi. Fundi Mkuu wa kompyuta alieleza kwamba kuzitembeza sura nyingi kiasi kile ni kazi ya kuwachosha vijana. Waziri akafikiri, kisha akasema sura moja inatosha kwa wote, maana hii ni nchi ya umoja. Wakaipitisha sura moja, changa, yenye tabasamu, ambayo kwa bahati tu ilifanana na ya Waziri alipokuwa kijana. Masikio ya Pandu kinyozi yalikatwa kwa sababu za kiusalama. Farasi aliongezwa. Bondeni haikuwahi kuwa na farasi, lakini alikuwa tayari yumo ndani ya kompyuta, na ingekuwa hasara kumwacha bure. Katikati, ili hadithi isiishe mapema, ziliingizwa sehemu za kujazia ambamo Mkuu wa Nchi anakagua vifaranga. Sauti zote, za wazee, za wanawake na za watoto, angezitia mpwa wa mke wa Waziri, ambaye alikuwa na kipaji na hakuwa na kazi.

"Na huyu mtoto wa mlangoni," alisema Waziri, akiweka kidole juu ya Rehani, "maneno yake yana huzuni. Kashika nini? Mwimo? Mwimo haumsaidii mtu. Aseme: 'Asante, Serikali.'"

"Imepita," walisema wajumbe.

Bi Mwanaheri alitaka kusema neno, akaona kwamba mdomo wake umekuwa baridi na hauinuki. Alisoma kimya kimya aya anayoijua ya kuombea subira. Alipofungua macho, aliona maji yakichuruzika sakafuni kutoka chini ya mlango wa ukumbi. Meusi. Hakuna mwingine aliyeyatazama.

*

Siku ya tatu yake, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Subira aliingia uani kwa Bi Mwanaheri bila kubisha hodi, kitabu kimefungwa ndani ya kanga.

"Mwanaheri! Mwanaheri wee! Umemfanya nini mume wangu?"

"Mume wako si alikufa, Subira?"

"Alikufa, ndiyo! Lakini alikufa ana sura!"

Akakifungua kitabu. Pandu kinyozi alikuwa bado amesimama mlangoni kwake, wembe mfukoni, mkono umeinuliwa kuaga. Lakini mahali pa uso palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Hakuna sikio. Hakuna lile jicho dogo. Kiputo chake kilikuwa kitupu.

"Nilifikiri ni unyevu," alisema Bi Subira, sauti yake ikashuka. "Nikakianika. Mwanaheri, geuka taratibu. Tangu asubuhi ananifuata."

Bi Mwanaheri akageuka.

Jua halikuwa limetangazwa siku hiyo, kwa hiyo lilikuwa linawaka sana. Katikati ya ua, saa saba ya mchana, alisimama mtu mweusi kwa mweupe. Mistari yake ilikuwa ya wino, aliyoivuta Bi Mwanaheri kwa mkono wake mwenyewe. Aliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Maji meusi yalimdondoka vidoleni. Hakuwa na uso. Na bado alikuwa amewaelekea wao, kama mtu anayesubiri amalizwe kuchorwa.

"Pandu," aliita Bi Subira. "Uji nimeufunika, Pandu. Miaka yote nimeufunika."

Angejibu kwa mdomo upi?

Walizidi kuja. Kila Kamati ilipopitisha boresho, mtu mmoja alipoteza uso kitabuni akaonekana mtaani. Walisimama kwenye foleni ya bomba bila ndoo. Walisimama nje ya chuo watoto wakisoma. Watoto waliwaamkia, shikamoo, shikamoo, wakangoja marahaba, mwishowe wakazoea kutoipata. Sheikh wa mtaa aliwatazama kwa muda mrefu. "Hawa si majini," alisema. "Jini huomba kitu. Hawa hawaombi." Akasimamisha kisomo, watu wakasoma Yasini mchana kutwa, na wale wa wino wakasogea karibu, wakainamisha vichwa kwa adabu.

Polisi waliletwa. Walirudi mikono mitupu, kwa kuwa sheria ya nchi inataka mtuhumiwa atambuliwe kwa sura kabla ya kukamatwa. Wizara ikatangaza redioni kwamba hao wanaoonekana ni vivuli vya jua kali, na wananchi wasivipe viti.

Wananchi wakawapa viti.

Bi Mwanaheri alijaribu kumrudishia Pandu masikio yake. Alikaa na kalamu yake ya nibu, Bi Subira pembeni, pua kama inataka kupiga chafya, jicho hili dogo. Wino ulikaa juu ya karatasi kitambo kidogo, kisha ukanywewa, pakabaki peupe vile vile.

"Haushiki," alisema.

"Au ni mkono wako, Mwanaheri? Unatetemeka."

"Mkono umetetemeka tangu siku ya maji, shoga, na uliwachora hivyo hivyo. Hapana. Kuna watu huko wanafuta haraka kuliko ninavyochora."

Kila baada ya sala alifungua ukurasa wa mwisho. Rehani alikuwapo, ila amekuwa hafifu, kama chai iliyotiwa maji mengi.

*

Bwana Fumbwe alirudi Bondeni kumletea mwaliko. Safari hii hakuwa na bashasha. Alipita uani kwa kujikunja, akiomba radhi kulia na kushoto, maana ua ulikuwa umejaa.

"Mama, filamu imekamilika. Itaonyeshwa Ukumbi wa Taifa siku ile ile ya kisomo chenu cha kila mwaka. Na wewe utakula Kiapo cha Kuridhika."

"Ni kiapo gani hicho?"

"Ni sheria, mama. Mtunzi anasimama hadharani, anaapa kwamba ameridhika. Akishaapa, kitabu kinapewa heshima ya kustaafu."

"Kinastaafu vipi kitabu?"

"Kinakusanywa nyumba kwa nyumba, kinasagwa. Ni ile Sheria ya Kutolinganisha. Watu wakiwa na kitabu na filamu, watalinganisha. Wakilinganisha, watasikitika. Serikali haipendi mwananchi asikitike."

"Nisipoapa?"

Bwana Fumbwe alitazama mlango. "Mtunzi asiyeridhika huboreshwa naye. Bi Mwanaheri mwingine yuko tayari. Mrefu kidogo. Amefunzwa kutabasamu hadi magegoni. Ataapa yeye, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekiandika. Wewe hutakuwa umeandika kitu. Hata nyumba hii ataishi yeye."

Nje, kitu kilidondoka, tone, tone.

"Mama," alisema kijana, na sauti yake haikuwa tena ya ofisi. "Yule mwanamke wa vitumbua, ukurasa wa katikati. Alikueleza nani sura yake?"

"Dada yake. Kwa nini?"

"Ni mama yangu. Mimi nilikuwa mjini kwa mjomba. Nilikuwa na kitabu ofisini, chini ya meza. Ilikuwa nikichoka namfungua, namtazama. Sasa hana uso. Yuko hapo nje, mama. Nimempita sasa hivi, nimemjua kwa kanga."

Bi Mwanaheri alimtazama sana. "Kwa hiyo wewe ni wa hapa. Ulijua kitabu kinaanzia kulia."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nina kazi, mama."

"Sote tuna kazi, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri. Hakusema kwa ukali, na hilo lilimwumiza kijana zaidi. Akainuka, akafunua kitabu kushoto kabisa, akamwonyesha. Rehani alikuwa amebaki mkono mmoja ulioshika mwimo, na juu yake uso ambao ungeweza kufikiri ni doa la karatasi. "Huyu ndiye wa mwisho. Anangoja kinywa changu. Nikiapa, nimemwachia."

*

Siku yenyewe, alasiri, Ukumbi wa Taifa ulifurika. Watu wa Bondeni waliletwa kwa malori na kuketishwa mbele, ili furaha yao ionekane vizuri. Kila mmoja alikuja na kitabu chake, kwa kuwa milangoni palikuwa na mapipa ya kustaafishia vitabu baada ya kiapo. Wale wa wino walisimama nyuma, ukutani, wasiohesabiwa. Taa zikazimwa.

Niseme ukweli, filamu haikuwa nzuri. Picha zilisimama tuli mdomo tu ukichezacheza, kama samaki nchi kavu. Farasi alipita mara nyingi bila sababu. Vifaranga vilikaguliwa kwa muda ambao mtu angeweza kwenda kwao na kurudi. Lakini hakuna mtu wa Bondeni aliyecheka, kwa kuwa kati ya upuuzi huo maji yalikuwa yanarudi nyuma.

Yaliinuka kutoka baharini yakapanda bonde. Watu walitoka ndani yake wakiwa wakavu. Walirudi kinyumenyume hadi milangoni kwao, wakaketi, wakakoroga uji, na Fahari ikajifunga kama jeraha lililopona. Ukumbini wanawake walianza kulia, na si wote waliolia kwa uchungu. Nani asiyetaka? Bi Mwanaheri mwenyewe alijikuta amesimama nusu, mikono mbele, maana pale kwenye kioo mtoto alikuwa anatoka majini, anatembea, anatembea kweli, anakuja.

Kisha mtoto akageuka. Alikuwa na ile sura ya wote, yenye tabasamu. Mkono wake haukushika kitu.

"Asante, Serikali," alisema, kwa sauti nzito ya mpwa wa mke wa Waziri.

Bi Mwanaheri akaketi.

"Mwanaheri," alinong'ona Bi Subira, machozi yakimtiririka. "Nimemwona Pandu amerudi."

"Ulimwona masikio?"

Bi Subira alijifuta machozi. "Hakuwa na masikio."

"Basi aliyerudi ni nani?"

Taa ziliwashwa. Mheshimiwa Tambaze alipanda jukwaani, akijifuta machozi yasiyokuwapo kwa leso kubwa.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine zinafufua uchumi. Sisi tumefufua watu! Kuanzia alasiri hii natamka kwamba ule Unyevu wa Ghafla haukutokea, na wote waliohusika nao nawapongeza kwa kutohusika. Waliodhani wamefiwa warudi nyumbani wakapumzike. Na sasa, mtunzi wetu ataapa."

Bwana Fumbwe alimshika Bi Mwanaheri kiwiko, akampandisha, akamwinulia kipaza sauti. Pembeni, nyuma ya pazia, alisimama Bi Mwanaheri mwingine, mrefu kidogo, tabasamu lake limekwisha kuwashwa. Bi Mwanaheri wa kwanza alifungua kitabu, akatazama kushoto kabisa. Palikuwa na vidole tu. Vidole vidogo juu ya mwimo.

"Bismillahi," alisema.

"Fupi tu, mama," alisema Waziri akikaza meno. "'Nimeridhika.' Neno moja."

"Mheshimiwa, umetuonyesha wakirudi. Mimi ni mama, nimetamani. Mungu ananiona jinsi nilivyotamani. Lakini mtu aliyekufa hulipwa haki yake kwa kukumbukwa vile alivyokuwa, na masikio yake. Hao wako hawakufa, kwa sababu hawakuwahi kuishi. Wetu hawa hapa."

Akanyoosha mkono. Watu wa Bondeni wakageuka. Wale wa wino walikuwa wameacha ukuta, wamesogea kwenye vijia kati ya viti, maji meusi yakitambaa zuliani.

"Zima kipaza sauti!" alisema Waziri. "Fumbwe! Zima!"

Kidole cha Bwana Fumbwe kilikuwa juu ya kitufe. Kisha akakisogeza kile kipaza sauti mdomoni mwake mwenyewe, akasema kwa haraka, kama mtu anayeruka mto: "Mama yangu alikuwa na mwanya. Meno ya mbele. Akicheka anauficha kwa kanga." Akakirudisha.

Kwenye kijia cha katikati, mwanamke wa wino aliinua upindo wa kanga mahali ambapo mdomo ungekuwa.

"Masikio kama vipini vya sufuria!" alipiga kelele Bi Subira, akapanda juu ya kiti. "Na pua inataka kupiga chafya!"

"Wangu ana kovu la ndui!"

"Baba alikuwa na makengeza, msimsahau makengeza yake!"

Ukumbi mzima ukawa sauti. Hata wageni wa viti vya nyuma, wasio wa Bondeni, walisimama wakiwataja watu wao wa unyevu mwingine, wa miji mingine. Waziri aliashiria pazia. Bi Mwanaheri mwingine akatoka hatua moja, akawaona wale wasio na uso, akawatazama. Tabasamu likamtoka. Akarudi nyuma ya pazia.

Bi Mwanaheri aliinua mkono, ule unaotetemeka, na watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, hadi pakasikika matone tu.

"Mimi, Mwanaheri binti Shaali wa Bondeni," alisema, "naapa mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, mlioketi na mliosimama, kwamba sikuridhika. Nitawachora tena, mmoja mmoja, kuanzia kulia. Karatasi ikikataa nitachora ukutani. Ukuta ukibomolewa nitachora mchangani, na maji yakipita nitachora tena. Njooni mniambie sura zao, nanyi msinihurumie mkono huu, semeni tu bado, bado, hadi nipate. Na wewe, Rehani, mwanangu, nakuahidi watu hawa wakisikia: mama naye ameshika. Siachii."